Mikono Arobaini na Minne ya Kushoto

Ghorofa ya Nne, River Road
Jumatatu, 3 Februari 2025

Dada yangu Peres,

Usishtuke. Mwandiko huu ni wangu, na umenyooka hivi bila rula. Mara ya mwisho kukuandikia barua nilikuwa shule ya upili na nilikuwa naomba sabuni. Lakini simu yangu iko kwenye kabati lako huko Kileleshwa tangu mwaka mpya. Nilikukabidhi mwenyewe, kwa sababu kila aliyenipigia alikuwa ananiita kunywa. Basi barua zitapitia kwa Wainaina wa bodaboda. Ndiye hupeleka nguo zangu kwa wateja wa Kilimani na Kileleshwa, ana miaka hamsini na kitu, na hawezi kufungua barua ya mtu hata umbembeleze.

Habari yenyewe ni hii: leo ni siku ya kumi na tisa sijaonja pombe. Kumi na tisa! Asubuhi nimetunga uzi kwenye sindano mara moja, bila kulamba uzi na bila kutukana. Mwaka jana ningehitaji nusu saa na jirani wa kunishikia sindano.

Sasa nina ombi. Nimesikia kwaya yenu inataka majoho mapya ishirini na mawili kwa tamasha la tarehe 26 Aprili. Nisemee kwa mwenyekiti wenu, nipewe mimi kazi hiyo. Najua unachofikiria. Unafikiria suti ya yule bwana harusi niliyoisahau baa, akaoa amevaa koti la mjomba wake lililomfika magotini. Nami huifikiria kila siku. Hakuna mtu wa maana aliyeniletea kitambaa tangu wakati huo, Peres. Nabadilisha zipu na kukata suruali za mitumba. Nipe nafasi moja tu.

Ndugu yako,
Nashon


Kileleshwa
Alhamisi, 6 Februari

Nashon,

Barua yako nimeisoma kama dada, nikaisoma tena kama nesi, halafu nikaisoma nikitafuta uongo. Uongo sijauona, ila najua macho yangu huwa yanakupenda.

Nimekusemea. Philister, mwenyekiti wetu, alicheka hadi akashika kiti. "Peres, huyo ndugu yako si ndio alipoteza suti ya harusi kwa baa? Sasa tumpee satini ya kwaya mzima?" Watu wakacheka naye. Nawe unazijua hasira zangu. Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba Nashon akiharibu, mimi navua joho na kutoka kwenye kwaya siku hiyo hiyo.

Kelele zikaisha. Kazi umepewa.

Sasa nisikilize vizuri. Nimeimba pale miaka kumi na saba. Kwaya hiyo ndiyo iliyomzika mume wangu, na ndiyo iliyonitoa kitandani baadaye niliposahau jinsi ya kula. Sina kitu kingine cha kuweka rehani kwa ajili yako.

Nakutumia daftari jipya. Kila jioni ukifunga kazi utaandika tarehe na mambo matatu: hamu ya pombe, kuanzia sifuri hadi kumi, chupa ulizokunywa, na mikono, imetulia au inatetemeka. Kumi ni ile siku uliyouza pasi ya makaa ya marehemu mama. Mwisho wa mwezi unitumie nilione. Hospitali ndivyo tunavyofanya, na wewe hukubali kuja kliniki yetu Kilimani, basi kliniki itakufuata.

Dada yako,
Peres


River Road
Jumanne, 25 Februari

Dada Peres, katibu wa kwaya na askari wa maisha yangu,

Hili hapa daftari. Litazame kabla hujakaa chini, kisha ukae. Hamu: mbili, moja, moja, sifuri, sifuri. Chupa: sifuri tupu. Ukilifungua utadhani ni trei ya mayai.

Kitambaa kimefika. Satini ya zambarau, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, kitambaa cha watu wanaojua wanachotaka. Nimeanza kuwapima waimbaji wakija mmoja mmoja. Wale wa sauti ya kwanza wote wanataka joho libane kiunoni. Nimewaambia joho halina kiuno, wakaninunia.

Mikono yangu imetulia, Peres. Nimekaa nikiitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa. Ile saa kumi na moja ya jioni ambayo ilikuwa inanishika shati na kuniburuta ngazi zote nne hadi chini, sasa inapita na kunisalimia tu. Usiniulize siri. Kila fundi ana yake.

Mwambie Philister aendelee kucheka, mradi ashone mdomo tarehe 26 Aprili.

Nashon


Kileleshwa
Ijumaa, 28 Februari

Ndugu yangu,

Sikuweza kujizuia. Jumatano kwenye mazoezi niliwasomea daftari lako. Niliposoma "sifuri" ya kwanza walipiga makofi, ya pili wakapiga vigelegele, na tulipofika ya sita wote walikuwa wanaitikia kwa pamoja, hata Philister. Tumekuombea kila Jumatano tangu Januari bila kukuambia. Nilijiona nimekua urefu.

Baada ya mazoezi Muasya alinivuta pembeni. Yule wa sauti ya nne, dereva wa familia moja Karen. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada Peres, hiyo dawa ya ndugu yako ni gani? Mimi ikifika saa kumi na moja mwili wote unaitisha pombe. Siku moja nitajiua na gari ya watu." Nikamwambia aje akuulize mwenyewe akija kupimwa.

Halafu nilirudi nyumbani, nikaweka chai, nikafungua tena daftari ili nifurahi peke yangu. Na sasa sifurahi.

Kila siku umeipa karatasi yake. Lakini tarehe 15 inafuatwa na tarehe 19. Mtu wa kawaida akichana karatasi huacha meno-meno. Hizi zimekatwa kwa mkasi, karibu kabisa na mshono, mstari umenyooka kama pindo la suruali. Ni fundi tu anayeweza kuficha kitu vizuri namna hiyo.

Karatasi tatu. Ziko wapi, Nashon?

Peres


River Road
Jumanne, 4 Machi

Dada,

Ni bangi.

Nimeliandika kwanza ili nisije nikazungukazunguka. Katikati ya Januari jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mtengeneza saa, mtu mzima mwenye mvi, alinikuta nimeketi kwenye ngazi natetemeka. Akanipa msokoto. "Vuta hii. Leo hutaitisha pombe." Nikavuta, na sikuitisha. Saa kumi na moja ilifika nikaisubiri inishike shati, ikapita. Nilikaa nikisikiliza redio ya watu ghorofa ya juu, na nikalia. Miaka kumi na miwili nilikuwa sijaona saa kumi na moja ikipita hivyo.

Basi nikawa navuta kila jioni. Sifuri zote ulizozisoma ni za kweli. Hamu ilikuwa haipo. Nilichoficha ni kilichoiondoa.

Na karatasi tatu. Tarehe 16 polisi walizunguka mtaa wetu, mtengeneza saa akaogopa, bangi ikakosekana. Hamu ilirudi jioni hiyo hiyo kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini. Nane. Kesho yake kumi. Usiku wa kwanza nilikunywa chupa tano, wa pili saba. Siku ya tatu nilipata kipande kidogo cha msokoto nikakivuta juu ya bia, nikidhani kitanituliza. Hakikunituliza. Chumba kilizunguka, nikaongeza bia, na nilitapika kwenye kikapu cha vifungo. Tarehe 19 bangi ikapatikana, hamu ikashuka sifuri, nikachukua mkasi.

Utasema nimetoka kwa jini mmoja nikaingia kwa mwingine. Pengine. Lakini pombe ilinichukulia mke na wateja, na hii imenirudishia mikono. Ningefanyaje?

Muasya alikuja kupimwa Jumamosi. Aliuliza siri, nami nikamwambia ni sala. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili akashukuru. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nashon


Kileleshwa
Ijumaa, 7 Machi

Nashon,

Nimekaa siku tatu ili nisikuandikie matusi. Yamebaki machache, nitayameza.

Nimekasirika, na si kwa bangi peke yake. Nimewasomea watu ishirini sifuri za bangi nikiziita baraka, wakaitikia. Halafu nikajiuliza nani aliniruhusu kusoma daftari lako hadharani, na jibu sikulipenda. Nilikuwa na haja ya muujiza kuliko wewe. Nilitaka Philister aone. Kwa hilo unisamehe.

Sasa ya unesi. Nimemuuliza Kaindi, mshauri wetu pale kliniki, bila kutaja jina lako, naye akajua mara moja ni nani. Hakushangaa. Anasema watafiti wenyewe hawajamaliza kubishana. Wako watu ambao wakivuta, hamu ya pombe inashuka na siku hiyo wanakunywa kidogo. Wako wengine ambao haiwasaidii kitu, na wengine wanarudi baa mapema zaidi. "Ndugu yako ni mtu mmoja mwenye daftari moja," akasema, "na hilo daftari limekatwa. Mwambie aniletee lote ndio tuongee."

Mimi sina elimu ya kukuambia zaidi ya hapo. Najua tu nilichokiona: bangi ilipokuwepo hukunywa, na ilipokosekana siku tatu ulikunywa kuliko mwaka jana. Kwa hiyo ufunguo wa chumba chako unakaa mfukoni mwa mtengeneza saa. Na siku polisi watakapompata yeye, watakupata na wewe, na majoho yetu yatalala kituoni.

Sitakutangaza. Joho langu liko palepale nilipoliweka. Ongeza safu ya nne kwenye daftari: bangi. Na kila Jumanne saa saba mchana Kaindi ana kikundi. Kiti chako kipo.

Peres


River Road
Jumatatu, 24 Machi

Peres,

Sikwenda Jumanne. Wala ile iliyofuata. Nilijiambia kikundi ni cha watu wagonjwa, na mimi nina kazi.

Soma taratibu.

Jumatano iliyopita nilivuta asubuhi. Sijui ilikuwaje. Jioni ilisogea hadi mchana, mchana ukasogea hadi chai ya saa nne, nami sikuona ikisogea. Nikatandika satini yenu nikate mikono ya majoho.

Unajua inavyokatwa. Unakunja kitambaa, pande zinazong'aa zitazamane, unakata mara moja unapata jozi, wa kulia na wa kushoto. Mtoto wa wiki moja kwenye kazi hii anajua. Siku hiyo nilipanga tabaka zote zikitazama juu, moja juu ya nyingine, kwa sababu ile zambarau ilikuwa inang'aa na nilipenda kuitazama. Nikaweka karatasi ya kipimo. Nikakata tabaka zote bila kuigeuza hata mara moja, nikiimba wimbo wenu wa Pasaka. Nilikuwa na raha, dada. Sijawahi kukata nikiwa na raha vile.

Leo asubuhi nimeanza kushona. Joho la kwanza, mkono wa kushoto, umekaa vizuri. Nikanyoosha mkono nichukue wa kulia. Nikapekua rundo lote hadi chini, nikalipekua tena.

Mikono arobaini na minne, Peres. Yote ni ya kushoto.

Kuigeuza haifai, upande uliofifia utatazama nje. Kitambaa kimeisha. Nimekimbia dukani, wanasema rangi ile haipo tena, iliyobaki imekolea kama damu ya ng'ombe. Zimebaki wiki tano.

Pombe, nikiharibu kazi, ilikuwa inanifanya nilie. Hii ilinifanya nione hakuna kilichoharibika. Siku tano nimelala karibu na rundo hilo nikiwa na amani.

Hamu sasa hivi ni kumi. Msokoto uko kwenye droo na baa iko chini ya ngazi, na mimi nimeketi katikati. Nimeshika kalamu kwa sababu Wainaina anapita saa sita na nataka anikute bado naandika. Mwambie Philister. Na wewe nisamehe, kwa sababu nimekuvua joho lako kwa mkasi wangu.

Nashon


Kileleshwa
Jumatatu hiyo hiyo, saa saba

Nashon,

Wainaina anasubiri mlangoni, kwa hiyo sikupambii maneno.

Joho sivui. Umesema ukweli kabla sijaugundua, na hiyo ni mara ya kwanza tangu uote ndevu.

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la majoho ya kwaya ya zamani, ya rangi ya dhahabu, tuliyokuwa tunavaa nilipojiunga. Ni ishirini na mawili. Panya wamekula migongo lakini mikono ni mizima, nimeikagua sasa hivi. Nimeyafunga yote kwenye gunia. Mimi si fundi. Wewe utajua la kufanya, na kama hujui, utajua kesho kichwa kikiwa wazi.

Wainaina akiteremsha gunia, huo msokoto urudishe kwa mwenyewe. Funga mlango, panda nyuma ya pikipiki, uje Kilimani. Kaindi anakungoja hadi saa kumi. Leo, Nashon.

La mwisho. Philister simwambii mimi. Utamwambia wewe, Jumatano, mbele ya kwaya nzima. Nitakaa mstari wa mbele ili usianguke.

Peres


River Road
Jumanne, 15 Aprili

Dada yangu,

Wewe ulikuwepo Jumatano ile, lakini uliketi mbele yangu ukinikazia macho, kwa hiyo hukuona nilichokiona mimi. Niliposema neno "bangi" mwanamke mmoja wa sauti ya pili aliangusha kitabu cha nyimbo. Niliposema mikono yote ni ya kushoto, hapo ndipo walipoguna. Yaani bangi wangeisamehe, lakini satini! Kisha nikamtazama Muasya nikamwambia, "Ndugu, nilikuambia ni sala. Nilikudanganya." Na Philister akasimama, nikajua sasa nimekwisha. "Fundi," akasema, "hayo mengine ni yako na Mungu, na huyo daktari. Mimi nataka kujua kitu moja tu. Majoho itakuwa tayari ama haitakuwa?" Nikasema yatakuwa. Akaketi. Ndipo Muasya akainua mkono kama mwanafunzi: "Na mimi niandikwe kwa hicho kikundi." Sasa kila Jumanne tunakaa viti vya karibu. Anakoroma Kaindi akiongea, namgusa kwa kiwiko.

Haikuwa rahisi, Peres, na sitakupamba. Wiki ya kwanza bila pombe na bila bangi nilimtukana kila mtu, pamoja na cherehani. Nilikuwa nalowa jasho kitandani. Daktari wa kliniki yenu alinipa vidonge, nameza. Daftari lilisoma kumi, tisa, tisa, nane, tena kumi. Wakati wa bangi nilikuwa napata sifuri nimeketi. Sasa saba naipata kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

Kaindi aliniuliza mikono yangu hufanya nini saa kumi na moja. Nikasema inatafuta glasi. Akasema, "Basi ipe kitu." Ndipo nilipofungua gunia lako. Kila siku saa kumi na moja kamili nilikuwa nachukua joho moja kuukuu na kufumua mkono wake wa kulia, mshono kwa mshono, bila haraka. Uzi wa zamani ulishonwa na mtu aliyejua kazi, haukubali kukurupushwa. Ikifika saa kumi na mbili na robo nimemaliza, na hamu imechoka kunisubiri.

Majoho ishirini na mawili, siku ishirini na mbili. Jana nimefumua wa mwisho.

Umeshaelewa? Mkono wa kushoto zambarau, wa kulia dhahabu. Na ile mikono ishirini na miwili ya kushoto iliyozidi nimeikata kola. Nimelitundika joho la kwanza dirishani na mtengeneza saa akapanda ngazi kuja kulitazama. Alipitisha kidole kwenye mshono wa bega. Akaniambia mimi sina haja naye tena, nikamwambia nina haja ya saa ya ukutani inayoenda sawa. Ameileta.

Mwambie kiongozi wa kwaya atafute mahali kwenye wimbo pa kuinua mkono wa kulia.

Nashon


Kileleshwa
Jumapili, 27 Aprili, asubuhi na mapema

Nashon,

Tumeshinda. Tumeshinda, omera, ndugu yangu! Kombe liko hapa mezani, kubwa hadi linazuia televisheni.

Tulipopanda jukwaani tulikuwa tumekunja mkono wa kulia nyuma, kama tulivyokubaliana, kwa hiyo watu waliona zambarau tu. Nilisikia mtu wa kwaya pinzani akinong'ona, "Hiyo ni kawaida." Tukaimba ubeti wa kwanza na wa pili. Muasya aliiteremsha sauti yake hadi nikahisi mbao za jukwaa zinatetemeka. Tulipofika mwisho, pale tunaposema tumevuka, tukainua mikono ishirini na miwili ya dhahabu kwa pamoja. Ukumbi ulisimama. Sijui kama wimbo waliusikia hadi mwisho, kwa kelele zile. Nilikuwa naimba na kulia, na joho langu mwilini.

Mwamuzi mkuu alishika kipaza sauti akauliza, "Fundi wa haya majoho ni nani?" Na Philister, huyo huyo Philister, akamjibu kwa nguvu, "Ni Nashon Omollo, ni fundi wetu!" Tukageuka wote kukutafuta. Ulikuwa umesimama nyuma karibu na mlango, nilikuona kwa macho yangu mwanzo wa wimbo. Sasa watu walikuwa wamesimama wote, hatukukuona.

Walinibeba juu, nikashindwa kushuka. Nilipofika nje Wainaina aliniambia umeondoka kwa miguu, haraka, bila kuaga, umeelekea upande wa baa. Simu huna. Mlango wako Wainaina ameugonga jioni, hukufungua.

Nimekaa na kombe hili tangu jana na siwezi kulifurahia. Hata kama umekunywa, niandikie. Niandikie hamu yako, namba yoyote ile. Wainaina amekubali kuja hata ni Jumapili.

Dada yako,
Peres


River Road
Jumapili, 27 Aprili

Dada yangu,

Furahia kombe lako. Niko mzima na sijanywa.

Nilimsikia Philister. Nilisikia jina langu likitajwa na ukumbi ukapiga makofi, na kitu kikanipanda kutoka miguuni. Nilidhani ni furaha tu. Kumbe hamu nayo ilikuwa imo humo humo. Nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni, Peres, nimejifunza kwa Kaindi la kufanya nikikosewa, nikifukuzwa, nikichekwa. Hakuna siku tuliyofanya mazoezi ya kushinda. Na hapo mlangoni mwenzangu wa zamani wa baa akanikumbatia: "Omollo! Leo lazima tusherehekee, buda, mimi ndio nanunua!" Mate yakanijaa mdomoni. Nikakutafuta, nikaona unapita juu ya vichwa vya watu ukiwa umekumbatia kombe, unacheka kama msichana. Sikutaka kukushusha. Nikaondoka.

Nilipita baa tatu. Ya pili nilisimama. Ilikuwa na wimbo ninaoupenda. Nikaitazama mikono yangu na ilikuwa inatetemeka kama ya Januari, nikaendelea kutembea.

Nilifika chumbani saa kumi na moja juu ya alama. Hakukuwa na joho lolote la kufumua. Nilimsikia Wainaina akigonga baadaye, unisamehe kwa kutomfungulia. Nilikuwa sijiamini kushika kitasa, mlango ukifunguka ningeshuka.

Badala yake nilifungua bahasha ya karatasi za vipimo. Zile karatasi tatu za Februari sikuzitupa. Nilizikata lakini nikashindwa kuzitupa, sijui kwa nini. Tarehe 16, 17 na 18, na mwandiko umelala kama mlevi mwenyewe. Nimezirudisha mahali pake kwenye daftari na kuzishona kwa cherehani, kwa uzi wa dhahabu uliobaki, ili mshono uonekane.

Nakutumia daftari zima. Safari hii nakuruhusu mwenyewe: Jumatano wasomee lote. Usiruke zile tatu, na usiruke ya jana, ambayo nimeiandika baada ya kushona. Wewe na kwaya mlinipigia vigelegele nilipokuwa na sifuri. Hii ndiyo nataka waipigie.

Jumamosi, 26 Aprili.
Hamu: tisa.
Chupa: sifuri.
Bangi: sifuri.
Mikono: ilitetemeka, lakini mshono umenyooka.

Ndugu yako,
Nashon Omollo, fundi